Wa Kuitikia Rozari

Tangu biashara iachwe huria, maduka ya dawa yameota kama uyoga Mbinga mjini. Juma lililopita nilipanga foleni kwenye mojawapo, nyuma ya bibi mmoja wa kijiji cha Maguu aliyeviringisha rozari kiganjani.

"Shikamoo bibi. Unaumwa nini?" muuzaji akauliza.

"Marahaba. Silali, mjukuu wangu."

"Tangu lini?"

"Tangu nianze kujiitikia mwenyewe."

Bibi akaeleza taratibu kwamba kila jioni mumewe alikuwa akianza Salamu Maria hadi katikati, kisha yeye na watoto wanaitikia nusu iliyobaki. Mzee amefariki. Watoto wanazunguka na wanunuzi wapya wa kahawa, nyumbani hawaonekani. Sasa anaanza mwenyewe, anaitikia mwenyewe.

Muuzaji akamfungia vidonge kwenye karatasi. "Kimoja kabla ya kulala."

Bibi akavigusa kwa kidole. "Na hivi vitaniitikia?"

Foleni nzima tulicheka. Yeye hakucheka. Nami sikuwa na haki ya kucheka, maana nilikuwa nimefuata vidonge hivyohivyo.

Jioni ile, chumbani kwangu, nilianza Salamu Maria kwa sauti. Nilipofika katikati nikanyamaza, nikasubiri.