Mgiriki wa Mume Wangu

Siku ya harusi yetu Mgiriki alichelewa, na mume wangu hakukubali tupigwe picha mpaka afike. Tulisimama juani nje ya kanisa, viatu vya kuazima vikinibana, na wazazi wangu waliovuka ziwa kutoka Ukerewe wakiulizana huyo anayesubiriwa ni padri au ni mjomba. Alipotokea alikuwa anakimbia, shati limefunguka vifungo viwili, nywele zimelowa. Alitoka mazoezini.

"Shemeji, nisamehe sana," akaniambia, akanishika mkono kwa mikono miwili kama mtu aliyelelewa vizuri.

Nikamsamehe kwa mdomo. Mpiga picha akatupanga, mimi kulia, mume wangu katikati, Mgiriki kushoto. Picha ile ninayo bado. Bwana harusi amegeuza uso, anacheka, na anayemtazama si mimi.

Mji mzima ulimwita Mgiriki, ingawa alizaliwa huku huku, upande wa Misungwi, ambako baba yake alisimamia kiwanda cha kuchambua pamba. Kisukuma alikijua kabla ya Kiswahili. Baba mkwe wangu alichunga ng'ombe jirani na kiwanda, na watoto wao wawili walikua wakipiga mpira nyuma ya marobota ya pamba. Walipokuja mjini kuchezea klabu ya mji waliendelea vilevile. Mume wangu alikuwa winga wa kushoto. Alikimbia na mpira mpaka karibu na kibendera cha kona, akaumimina mbele ya goli, na Mgiriki, aliyekuwa mrefu kuliko beki yeyote wa Kanda ya Ziwa, akaruka na kuugonga kwa kichwa.

Nilikwenda uwanjani nikiwa na mimba yetu ya kwanza. Bao lilipoingia watu waliruka uzio, wakambeba Mgiriki begani. Nikamtafuta mume wangu. Alikuwa peke yake kule kwenye kona, ameinama, anafunga kamba ya kiatu.

Nyumbani nikamwambia, "Kazi umefanya wewe, jina kachukua yeye."

Akacheka. "Mimi nimepika, yeye kapakua. Si tumekula wote?"

"Mimi sijala," nikasema. Alidhani namaanisha njaa, akanisogezea sahani.

Baada ya mechi Mgiriki alikuja kula kwetu. Nilikaanga sato, nikasonga ugali, nikaketi nao, kisha wakaanza Kisukuma chao. Mimi ni Mkerewe. Nilishika neno hapa na pale, lakini utamu wa maneno ulinipita. Walicheka mpaka mume wangu akajifuta machozi. Nikauliza wanacheka nini. "Mambo ya zamani," akasema. "Ukiyageuza Kiswahili hayachekeshi." Nikainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo bado walikuwa wanavilia.

Halafu Mgiriki akaondoka. Wajomba zake walimtafutia timu huko Ugiriki, daraja la pili, na akacheza huko miaka kadhaa. Sitaficha, hiyo ndiyo miaka mizuri ya ndoa yangu. Mume wangu alipunguza mpira, miguu ikawa mizito, akaajiriwa kwenye kiwanda cha kukamua mafuta ya pamba. Mimi nilikuwa na cherehani yangu barazani, mtaa wa Mabatini, nikishona sare za shule na magauni ya Kipaimara. Jioni alikuja kuniokotea pini sakafuni, tukazungumza. Barua zilipofika zenye stempu za kigeni alizisoma mara mbili, akazikunja, akarudi kwangu. Barua niliweza kuzivumilia.

Miaka ya tisini ikaja na ruhusa zake za biashara. Mitumba iliingia mjini kwa marobota na wateja wangu wakapungua, kwa sababu gauni la Ulaya lililovaliwa na mtu mwingine lilishinda gauni langu jipya. Kiwanda cha mafuta kikapunguza wafanyakazi, mume wangu akiwa wa kwanza kwenye orodha. Huku ufukweni vikaota viwanda vya minofu ya sangara, na mmoja wa wenye viwanda alikuwa Mgiriki, aliyerudi na mvi, goti bovu na washirika wa kigeni.

Klabu ilikuwa hoi. Mgiriki akainunulia jezi na viatu, akawaajiri wachezaji kiwandani ili wasilale njaa, na kwenye mkutano mkuu wanachama wakamchagua mwenyekiti kwa kelele. Yeye akaomba jambo moja tu: cheo chake kiitwe rais, kwa kuwa huko Ugiriki klabu inaongozwa na rais. Wazee wakaguna, maana tulimjua Rais mmoja tu, na picha yake ilikuwa inaning'inia katika kila ofisi. Mwishowe wakakubali. Mume wangu alirudi kutoka mkutanoni sauti imekauka kwa kushangilia.

"Rais wangu," alisema, akiwa amesimama katikati ya chumba kama mtu aliyechaguliwa yeye. "Nimekua pamoja na rais!"

Nilikuwa nimekaa siku nzima bila mteja hata mmoja. Nilimtazama, mtu asiye na kazi, anayemeremeta kwa ajili ya mtu mwenye kiwanda, nikaifunika cherehani.

Jumapili moja Mgiriki alikuja kula, kama zamani. Safari hii alisema Kiswahili, labda kwa kunihurumia. Alituambia habari za huko Ugiriki, jinsi alivyokaa benchi, jinsi goti lilivyoharibika, na jinsi watazamaji walivyomwita Mwafrika kila alipokosa bao. "Huko mimi Mwafrika, huku mimi Mgiriki," alisema, akicheka kidogo. "Shemeji, mahali ambapo nilikuwa na jina langu tu ni nyuma ya yale marobota, na huyu." Akamgusa mume wangu begani.

Nilikaribia kumwonea huruma. Kisha nikaona jinsi mume wangu alivyoupokea ule mkono, akatulia chini yake, na huruma ikaniisha.

Wiki chache baadaye dereva wa kiwanda alisimamisha gari mbele ya baraza langu. Mume wangu alikuwa amekwenda Usagara kutafuta vitunguu vya kuuza.

"Shikamoo mama. Bosi ametuma barua ya baba."

"Marahaba. Lete, nitampa."

Haikufungwa na gundi, imekunjwa tu. Nikaisoma. Mgiriki alimtaka mume wangu awe meneja wa timu. Atasafiri nayo kila mechi, atakuwa na ofisi pale kiwandani, aje Jumatatu waanze. Mwishoni kulikuwa na mstari mmoja wa Kisukuma ambao sikuuelewa. Nafikiri mstari ule ndio ulioniponza. Kama barua yote ingekuwa ya Kiswahili, huenda ningeitoa.

Niliiweka kwenye droo ya cherehani, chini ya bobini. Nikajiambia nitaitoa kesho. Mume wangu akarudi na vitunguu, akaniuliza kama kuna habari. Nikasema hakuna.

Jumatatu ikapita. Baada ya wiki mbili kinyozi wa mtaani kwetu akamwambia, huku akimnyoa, kuwa klabu imepata meneja, mtu wa Bukoba. Mume wangu alirudi nyumbani nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa vizuri, nusu vibaya, kwa kuwa aliinuka kabla kinyozi hajamaliza.

"Ana watu wengi wa kuwaangalia," alisema, kabla sijamwuliza. "Rais hawezi kumkumbuka kila mtu."

"Wewe si kila mtu."

"Inaonekana ni kila mtu."

Nilitegemea atakasirika, amchukie, anirudie. Hakukasirika. Aliacha kwenda uwanjani, akawa anakaa nami barazani kila Jumapili, jambo nililolitamani tangu siku ya harusi. Alikaa kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Uwanja ulipopiga kelele kwa mbali, aliinua kichwa, akakishusha. Sikuwa na mteja wa kumshonea, lakini nilikanyaga cherehani bila uzi ili nisiusikie ukimya wake.

Mgiriki alikuja mwenyewe, adhuhuri, akichechemea. Hakuketi. Alianza kwa Kisukuma, sauti ya juu, na kwa mara ya kwanza nilielewa bila kujua maneno: alikuwa ameumia. Mume wangu akajibu kwa Kiswahili.

"Barua ipi?"

"Niliyokuandikia! Nimekusubiri Jumatatu, nimekusubiri wiki nzima. Nikasema rafiki yangu amenidharau, hataki kufanya kazi chini yangu. Nikachukua mtu mwingine kwa hasira."

"Sijaona barua."

Mgiriki akamtazama rafiki yake. Halafu akanitazama. Hakunikazia macho. Alinitazama na mara akajua, nikaona kwamba amejua. Nikamwona pia akitafuta namna ya kunitoa lawamani.

"Basi ni yule dereva wangu," akasema taratibu. "Ana kichwa kama kapu. Ameipotezea njiani, halafu ananidanganya. Leo hii nitamwachisha kazi."

Ningeweza kunyamaza. Dereva angerudi kwao, mimi ningebaki mke mwema. Ningependa kuandika kwamba nilimfikiria dereva na watoto wake. Nilimfikiria baadaye. Wakati ule nilichokiona ni kwamba Mgiriki anataka kunisitiri, na kwamba maisha yangu yote nitaketi naye mezani nikiwa mtu aliyesitiriwa na yeye. Hilo sikuliweza.

"Dereva alinipa mimi," nikasema. Nikafungua droo, nikampa mume wangu barua.

Aliisoma akiwa amesimama. Alipofika ule mstari wa mwisho midomo yake ikacheza.

"Kwa nini?" akaniuliza.

"Kwa sababu ungekwenda."

Hakunigusa, hakunitukana. Alivaa viatu vyake, akatoka na Mgiriki, na nikawaona wakiegemea gari wanazungumza, yule mrefu ameinama kumsikiliza. Siku ile mume wangu alikwenda kwa mama yake Misungwi. Alikaa huko wiki tatu. Watoto waliniuliza, nikawaambia bibi anaumwa. Kisha Mgiriki alinitumia salamu, kwa dereva yule yule, kwamba amemwambia rafiki yake arudi nyumbani. Hata mume wangu kunirudia ilikuwa kwa neno la Mgiriki! Nilimjibu dereva ahsante, nikaingia ndani nikalia kwa hasira.

Aliporudi alinisalimia kama jirani. Umeneja ulikuwa umeshachukuliwa, kwa hiyo Mgiriki akampa timu ya vijana, afundishe mawinga. Msimu uliofuata yule mtu wa Bukoba akaacha, na mume wangu akawa meneja. Alisafiri na timu, Shinyanga, Tabora, Musoma. Akirudi aliniletea kitu kidogo, asali au kitambaa, akakiweka juu ya cherehani bila neno. Ilichukua muda mrefu kabla hajaanza tena kuniokotea pini.

Klabu ilifanya vizuri kwa misimu miwili, watu wakaimba jina la rais wao barabarani. Kisha soko la Ulaya likasimamisha samaki wa ziwa letu, viwanda vikapunguza kazi, na kiwanda cha Mgiriki kikafungwa kabisa. Wachezaji wakatawanyika. Mkutano mkuu ukaitishwa katika ukumbi ule ule aliochaguliwa, na mume wangu akaniomba niende naye. Hajawahi kuniambia kwa nini.

Niliketi nyuma. Nilisikia wanaume waliokula samaki wake wakimwita mgeni, wakimwuliza ana haki gani ya kuongoza klabu ya Wasukuma. Mgiriki aliketi mezani, mikono juu ya goti lake bovu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilisikia raha. Kidogo tu, kama mtu anayeonja chumvi.

Mume wangu akasimama. Hakuwa msemaji, sauti ilimtetemeka. Alisema Kisukuma kwanza, halafu akaona nipo, akarudia kwa Kiswahili. "Mnasema mgeni. Mimi nimelala kwao, yeye amelala kwetu. Mama yangu alimchapa fimbo alipotuibia maziwa. Mgeni hachapwi fimbo."

Watu wachache walicheka, lakini kura zikaenda zilikokuwa zimepangwa kwenda. Mgiriki akatoka mlangoni peke yake, na mume wangu akamfuata.

Baada ya mwezi mmoja tulimsindikiza uwanja wa ndege, anahamia kwa binti yake huko Ugiriki. "Shemeji," akaniambia, "nakuachia mtu wako." Nilitafuta kejeli katika maneno yake, sikuiona. Nikamwambia safari njema, na nikashangaa kuona namaanisha, ingawa sehemu yangu moja ilikuwa inaihesabu milango kati yake na ndege.

Ndege ilipopaa juu ya ziwa, mume wangu alilia waziwazi, mbele ya wapagazi na askari. Miaka yote ile, misiba yote, sikuwahi kumwona akilia hivyo. Nilisimama na leso mkononi, na badala ya kumpa nikamwuliza swali ambalo mke mwenye akili asingeuliza.

"Na mimi nikiondoka, utanililia hivi?"

Alinigeukia, uso umelowa, kama mtu aliyeulizwa habari za nchi asiyoijua.

"Wewe?" akasema. "Wewe unakwenda wapi?"

Nikampa leso. Tukasimama pale mpaka askari akatuambia tusogee, maana abiria wa ndege nyingine walikuwa wanaingia.