Anayekaa Mbele ya Boti

Katika boti ya Herménégilde, mtu anayekaa mbele haongei. Anawapa abiria mgongo, anashika ufito, anagonga ubao wa ukingoni, na akiona kitu ananyoosha mkono: kulia, kushoto, simama. Gilde mwenyewe, maana jina lake lote sisi majirani hatuna muda nalo, anakaa nyuma kwenye mota. Katikati wamejaa wageni na jile zao za kuelea za rangi ya chungwa, wanainuka, wanakaa, wanapigana picha. Kwa hiyo Gilde haoni maji yaliyo mbele. Anaona mkono tu. Mkono ukisema kushoto anakata kushoto bila kuuliza, kwa sababu huko mto Ruzizi unakoingia ziwani hakuna nafasi ya maswali.

Kugonga ndiyo kazi yenyewe. Kiboko akisikia mlio juu yake anainua kichwa, anakuangalia kwa dharau, unampitia mbali. Asiposikia, boti inampita mgongoni na yeye anasimama. Mimi Tariki, ninayevua kwa ndoana na mtumbwi wa kasia, nimeshauona mtumbwi uliosimamiwa na kiboko. Ulibaki kuni.

Mkono huo wa mbele ulikuwa wa Pétronille, mke wa Gilde, tangu mwaka waliooana. Alizaa, akarudi mbele. Ziwa lilipopanda likaingia katika nyumba za watu hadi jikoni, maji yakiwa bado hayajatoka alikwisharudi mbele. Aliwapitisha wageni karibu na mamba wanaoota jua kwenye mchanga wamepanua midomo, karibu na ndege mwari wanaovua kwa kundi, na kwenye vijia vya maji ndani ya mafunjo ambako ukizima mota unasikia ndege tu, na pumzi ya kiboko usiyemwona. Hakuna mgeni wake aliyelowa zaidi ya viatu. Ukimsifu anasema, "Minye niko nagonga tu," lakini anasimama pale pale akisubiri uongeze.

Tusidanganyane, Pétronille ni mtu wa wivu. Simsengenyi; mtaa mzima wa Mulongwe unajua na yeye mwenyewe anajua. Alimwonea wivu mama aliyekuwa akimuuzia Gilde mafuta ya mota, akaanza kwenda kuyanunua yeye. Aliionea wivu kwaya ya kanisa lao, kwa sababu wanaoimba besi, Gilde akiwamo, wanasimama nyuma ya akina dada. Mgeni mmoja wa kike kutoka Bukavu aliwahi kuisifu kofia ya Gilde, na kofia ile haijaonekana tena hadi leo. Mimi nilikuwa namcheka. Nilikuwa namwambia, mwanamume mwenyewe huyu, mwenye masikio kama vifuniko vya sufuria, nani atamwiba? Yeye hakuwa anacheka.

Kisha jicho lake la kulia likaanza kufifia. Daktari alimwambia ni mtoto wa jicho, apande hospitali ya Lemera, huko milimani, akafanyiwe upasuaji, apumzike kidogo, atashuka anaona. Akakataa kupanda. Siku atakazokuwa huko juu, nani atakaa mbele? Akaendelea kukaa mwenyewe, mpaka safari moja akanyoosha mkono kuonyesha kiboko upande wa kulia, Gilde akakata kushoto kwa nguvu, wageni wakaangukiana, na kiboko mwenyewe alikuwa rundo la magugu yanayoelea. Wageni walicheka sana. Gilde hakucheka, kwa sababu jicho linaloona kiboko kwenye magugu, kesho litaona magugu kwenye kiboko.

Ndipo akaja Eliane. Alitoka Runingu, kwenye mashamba ya mpunga, binti wa rafiki yake Gilde. Ana macho mazima, ana mikono mirefu, na hana mume. Gilde alimwambia mkewe amfundishe msichana yote anayoyajua, kisha apande Lemera kwa amani. Amani gani? Jioni hiyo nilizisikia sahani zao zikigongana kutoka kwangu.

Lakini alimfundisha. Alimfundisha mapovu ya kiboko yanavyokuwa na ya samaki yanavyokuwa, na jiwe lenye ndege juu yake lisivyoaminika. Alimkaripia, alimchapa viganja kwa ufito wake mwenyewe, alimwita kipofu, yeye mwenye jicho moja. Msichana alikuwa anaitika tu, "Ndiyo, mama." Hilo lilimuudhi Pétronille zaidi kuliko kama angemjibu.

Jumapili moja ya kiangazi Gilde aliondoka baada ya misa na familia moja iliyokuja kutembeza bibi harusi wao, Eliane akiwa mbele. Ilikuwa mara yao ya kwanza kwenda bila Pétronille. Yeye alikaa nje ya nyumba anachagua ndagala, dagaa wa huku kwetu, kwenye ungo, na mimi nilikuwa pwani, hatua chache kutoka kwake, nafungua mshipi uliojisokota. Uso wake siku hiyo haukuwa wa kuongeleshwa.

Mchana ulipogeuka, upepo wa kusini ukaanza. Si upepo mkubwa, ule unaoinua vumbi la barabara na kuyafanya mawimbi yawe mafupi na ya haraka. Nikaona Pétronille anasimama na ndagala zote zinamwagika mchangani. Hakuziokota.

"Tariki, teremusha mutumbwi."

"Na upepo hii, Mama Furaha? Kwenda wapi?" Furaha ni binti yao wa kwanza.

"Ruzizi. Kuya, usiniulize minye."

Nilimwambia ampigie mumewe simu. Simu ya Gilde ilikuwa juu ya kabati ndani ya nyumba, kwa sababu mbili zilishaanguka majini na hataki kupoteza nyingine. Ya Eliane je? Namba ya Eliane hakuwa nayo. Msichana alishawahi kumpa, akakataa kuiandika.

Upepo ulikuwa unatusukuma kutoka nyuma, kwa hiyo tulienda haraka, na njiani ndipo aliponiambia. Upepo wa kusini ukivuma, mawimbi yanapiga ubao wote wa boti, na kiboko aliye chini hatofautishi kugonga kwa mtu na kugonga kwa maji. Ubao wa ukingoni haufai tena. Inabidi uiname, uzamishe ufito majini, ugonge ubao wa chini kabisa, na hapo sauti inamfikia hata akiwa amelala. Yeye na Gilde waligundua hilo mwaka wao wa kwanza, siku boti ilipoinuliwa kidogo na kiboko, naye Pétronille kwa woga akapiga ovyo popote ufito ulipofika. Vichwa vikaibuka pande zote, mbali na wao. Walicheka mpaka wakashindwa kuwasha mota. Wakakubaliana wasimwambie mtu.

"Ile ni yetu," alisema. "Ya minye na ye. Hata watoto hatukubaambia. Sasa nimupatie ule musichana na ile, nibakie na nini?"

Nilimkasirikia, sitaficha. Mimi pia nina wivu, naionea wivu mota ya Gilde kila ninapopiga kasia, lakini sijawahi kumtegea kiboko. Nikamwambia hivyo hivyo. Nikamwambia boti ile ina watu, ina bibi harusi, ina mume wako.

"Nilitaka ashindwe tu," alisema. "Aogope, arudi Runingu. Sikufikiri upepo." Kisha akaanza kulia, jicho zima na jicho bovu pamoja, na mimi nikazidi kupiga kasia.

Tulipita Kavimvira, ambako Gilde huwashusha wageni kwanza wale samaki wa kuchoma kabla ya kuwapeleka kwenye viboko. Boti haikuwa pale tena. Mbele yetu mafunjo yalikuwa yanalala na kuinuka kwa upepo. Mwari walikuwa wameacha kuvua wakajibana ukingoni. Maji ya mto yanapokutana na ya ziwa yanakuwa na rangi ya chai ya maziwa, na ndani ya rangi hiyo huwezi kuona hata kasia lako mwenyewe.

Niliwaona wakiingia kwenye mlango mwembamba, jile za chungwa zimebanana, boti inarukaruka. Pétronille hakuweza kuwaona kwa umbali ule.

"Iko nagonga wapi?" aliniuliza. "Tariki, angalia mukono. Iko nagonga wapi?"

Nikaangalia. Eliane alikuwa ameinama, mkono wa kulia majini hadi kwenye kiwiko. "Ameinama," nikasema, na kabla sijamaliza sauti ilitufikia sisi wenyewe kupitia mbao za mtumbwi, nzito, kama mtu anayetwanga nyumba ya pili. Vichwa vya viboko vikaibuka upande wa kushoto, vingi, masikio yanatikisa maji. Mkono wa Eliane ukatoka ukaonyesha kulia. Gilde akakata kulia, taratibu, vizuri kabisa. Wageni wakashangilia.

Nilisema alhamdulillahi kwa sauti. Pétronille naye alishukuru, niliona mabega yake yakishuka. Lakini ilikuwa kitambo kifupi mno. Yalipanda tena, na nilipomwangalia usoni nikajua sasa anahesabu ni nani aliyejua, na walikuwa wawili tu.

Gilde alituona, akawatoa wageni wake hadi palipo wazi, akapunguza mota hadi tukagusana. "Mama Furaha, kuko nini? Kuko mutu anagonjwa?"

Pétronille alimpita kwa macho. Alimwuliza Eliane. "Nani alikufunza kugonga chini?"

Msichana aliangalia ufito wake. "Ni papa Gilde, mama. Mbele weye uanze kunifunza."

"Mbele?"

"Siku ya kwanza kabisa, weye haujaanza."

Pétronille akamgeukia mumewe. "Ulimupatia."

"Nilijua weye hautamwambia," Gilde akasema.

Hakulisema kwa hasira, na hilo ndilo lilikuwa baya. Alilisema kama mtu anavyosema kwamba mlango wa nyumba yake unakwama. Pétronille angeweza kumwambia kwamba amekuja kumwambia huyo msichana, ndiyo maana yumo kwenye mtumbwi wa watu katika upepo. Lakini kulisema ni kukubali kwamba alilificha, na mume ameshamwambia kwamba alilijua hilo tangu mwanzo. Bibi harusi, aliyedhani sisi ni sehemu ya matembezi, alitupiga picha.

Mtumbwi wangu usingeweza kurudi dhidi ya upepo ule, kwa hiyo tulifunga kamba tukapanda botini. Eliane akainuka haraka. "Mama, kuya ukae hapa yako."

"Hapana," Gilde akasema. "Na upepo hii, hapana. Kuya huku nyuma."

Pétronille akapita katikati ya magoti ya wageni akaenda nyuma, akakaa kwenye sanduku la vifaa kando ya mota. Hakuwa amewahi kukaa pale katika maisha yake ya ndoa. Mimi nilikaa katikati, nimewageukia wao, nikaona yote ambayo ningependa nisiyaone. Mota ikanguruma, Eliane akainama tena, na Gilde akaukazia macho mkono ule. Hakupepesa. Wageni walisema naye, hakusikia. Uso wake wote ulikuwa umekwenda mbele, umetulia, unaamini. Ndivyo alivyokuwa anaangalia miaka yote, bila shaka, lakini anayeangaliwa alikuwa amempa mgongo na hakuujua uso huo. Sasa aliuona, kwa upande, na haukuwa wake.

Akasogea. Kidogo, kisha tena kidogo, mpaka bega lake likagusa la mumewe, akainua shingo naye aangalie alikoangalia yeye. Gilde alipeleka kichwa kulia, akakipeleka kushoto. Kisha akasema kwa upole, kama anavyosema naye siku zote:

"Sogea kule, Mama Furaha. Sioni mukono yake."