Shaba Tuliyoitupa Shimoni

Mimi ni mkaidi, na ukaidi nimeurithi kwa wanaume wawili: babu yangu, aliyekuwa akiyeyusha chuma, na mwanawe, yaani baba yangu, aliyekwenda kuchimba shaba Zambia. Kila mmoja aliamini mwenzake hajui kitu. Wiki ya harusi yangu wakajikuta kwenye tanuri moja, na nusura nibaki bila kuolewa.

Katika ukoo wetu wa wahunzi, binti hatoki nyumbani bila bangili ya shaba, tena iliyofuliwa na mhunzi wa nyumba hiyo. Ile waliyovaa bibi na shangazi zangu wote ilipotea tulipohamia kijiji cha ujamaa. Trekta lilibeba milango, mitungi, kuku na sisi wenyewe, na mahali fulani kikapu kikadondoka. Babu alikubali kijiji, akakubali shamba la pamoja, hata foleni ya sukari akaizoea. Suala la bangili alikataa katakata.

"Hatoki mtu humu mkono mtupu," alisema. "Padri atasubiri."

Mchumba wangu alikuwa karani wa serikali, mtu wa Mbeya, akiishi Chanji pale mjini Sumbawanga, mpole kupita kiasi. Nilimpenda mpaka nikajionea aibu. Alikuwa amehamishiwa Mpanda na lori lingemchukua Jumapili. Tusipooana Jumamosi, angeondoka peke yake, na nani ajue angerudi lini.

Jumatano baba akateremka kutoka kwenye lori la Kasesya, mpakani na Zambia, mfuko wa mawe ya kijani yenye shaba begani. Hakujua kwamba bangili imepotea. Mawe aliyaleta ili amtambie babu.

Mchana ule tulikuwa tunapepeta ulezi, baba akaanza kujigamba. Alipofika mgodini walitumia sururu na kusukuma vigari kwa mabega. Baadaye zikaja mashine za kutoboa mwamba, zikamharibia sikio moja. Siku hizi, akasema, jiwe linasagwa hadi linakuwa unga, unga unatiwa kwenye maji yenye dawa, maji yanapulizwa hewa mpaka yanatoa povu, na shaba inapanda juu pamoja na povu.

"Jiwe lielee kwenye povu?" babu akauliza. "Mwanangu, huko mlikuwa mnakunywa nini?"

Tulicheka mpaka ulezi ukamwagika. Baba akaendelea kwa ghadhabu: kutoka kwenye povu ni tanuri, tanuri refu kuliko kanisa letu, kutoka tanuri ni matangi, ambamo umeme unaisafisha shaba mpaka yanatoka mabamba mekundu, safi kabisa. Yeye alimalizia kazi kwenye matangi.

"Vizuri," babu akasema. "Mtengenezee binti yako bangili."

Mgodini kila mtu ana kipande chake cha kazi, na chake kilihitaji umeme. Kijijini kwetu hapakuwa na umeme wa kuwashia hata taa moja. "Tanuri sijaligusa," baba akakiri.

Babu alifurahi waziwazi. Alhamisi akafufua tanuri lake dogo la udongo na mivukuto ya ngozi ya mbuzi ya kupulizia moto. Akatangaza kuwa, kwa desturi ya wayeyushaji, hatasalimiana na mtu yeyote mpaka kazi iishe. Mama alisema hiyo ilikuwa siku yake ya kwanza ya kupumzika tangu aolewe.

Ijumaa asubuhi tukaponda mawe, tukayapanga na makaa, baba akashika mivukuto. Jasho lilimtoka, babu akawa anamhimiza kwa kidole tu. Ndani kulipoiva, babu akatoboa tundu la chini, jinsi alivyofanya maisha yake yote. Kwenye chuma, kinachotiririka ni uchafu, mavi ya chuma. Chuma chenyewe hubaki ndani kikiwa bonge. Uji mwekundu ukatiririka, ukaganda.

"Ondoa hayo," babu akaamuru. Na baba, aliyekula na kulala na shaba miaka yote ile, akayakokota kwa jembe akayatupa kwenye shimo la majivu.

Bonge likatolewa. Babu akalipiga nyundo mara moja, likasambaratika. Hapakuwa na shaba ndani yake.

Baba akalaumu makaa, babu akalaumu mawe. Mimi nililia kwa sauti, bila haya. Kisha nikakasirika, na mimi nikikasirika husafisha. Nikachukua karai nikaenda kuzoa uchafu wao, angalau wageni wakute uwanja safi. Kipande cha kwanza nilichoinua kilikuwa kidogo kuliko kiganja changu, lakini kilinielemea. Nikakikwangua kwa ncha ya jembe. Kikawa chekundu.

"Njooni! Njooni hapa, nyie wataalamu!"

Baba akakitemea mate, akakisugua kwa shati lake jipya la harusi. "Ndiyo yenyewe," akasema. "Shaba ndiyo iliyotiririka." Babu, aliyekuwa amemnyima salamu hata katibu wa kijiji, akapiga magoti pale kwenye majivu, akapiga makofi polepole, namna sisi Wafipa tunavyomwamkia mtu wa heshima.

"Shikamoo," akaiambia shaba.

Baba akafikiri kidogo. "Marahaba," akaitikia kwa niaba ya shaba.

Sijawahi kucheka vile tena. Walifua mpaka jua likazama, baba akishika koleo, babu akipiga nyundo, wakigombana kwa raha.

Bangili ilitoka imepinda upande mmoja. Jumamosi asubuhi babu alisimama mlangoni akanivalisha. Haikufunga. Akaibana, vidole vyake vikakosa nguvu. Baba akaweka vidole vyake juu ya vya babu, wakabana pamoja, polepole, mpaka nikaisikia shaba imenikaa mkononi.

"Haya, toka," babu akasema, akanipisha mlangoni. "Padri anasubiri."