Mbio Nne kwa Ishirini

Kompyuta ya ofisini kwetu ilikuwa mtumba, na kama koti la mtumba linavyoweza kuja na tiketi ya basi la Ulaya mfukoni, nayo ilikuja na timu ya mpira ndani. Mwenye ofisi, mama mmoja aliyekuwa mpiga chapa wa serikali hadi alipopunguzwa kazi pamoja na wenzake, aliifuata Dar es Salaam ili tuchape barua za kuomba kazi. Miaka ile ya soko huria, barua hizo ndizo zilikuwa zao kuu la Singida baada ya alizeti. Mimi nilikuwa karani wake wa pekee. Siku ya tatu, nikitafuta barua ya mtu iliyopotea, nikaikuta timu.

Ulikuwa mchezo wa ukocha. Aliyekuwa akiucheza kabla yangu simjui, ila aliiacha timu yake, ya mji mmoja wa Uingereza, ikiwa ya pili kutoka mkiani, akauza kompyuta. Nilimdharau mtu huyo miaka miwili. Huwezi kuwaacha watu mkiani ukaenda zako.

Watu huuliza: mpira wenyewe unauona? Huuoni. Hakuna mpira, hakuna kiwanja, hakuna mtu. Kuna majina na namba, kisha maandishi yanapita mstari mmoja mmoja: fulani kapokea, fulani kampita beki, anapiga, nje. Wateja walionikuta saa ya chakula nimeshika kichwa mbele ya kioo walidhani nimeletewa taarifa ya msiba. Nao hawakukosea sana, maana kweli tulikuwa tumefungwa.

Utamu wake nitausema wazi. Mchezaji wa mle ndani hana mama. Ukimweka benchi, hakuna mama anayekuja nyumbani kwako na khanga mbili kuuliza mwanawe amekosa nini. Hana vitunguu vya kumwagilia siku ya mechi, wala hajapotelewa na ng'ombe. Akiumia, kompyuta inakwambia wiki tatu, naye anapona kwa wiki tatu. Kwetu kata ya Mandewa mchezaji akiumia, ukimuuliza atapona lini, anasema Mungu ndiye ajuaye, na Mungu hakuwahi kuja mazoezini kutuambia. Zaidi ya yote, humsalimii mtu. Unafuta jina, unaandika jingine, unakunywa chai yako.

Msimu wa nne nikachukua ubingwa. Nilisimama nikapiga kelele peke yangu, mama mwenye ofisi akaja na ufagio akidhani kaingia nyoka.

Mwaka huohuo mwalimu aliyekuwa kocha wa timu ya kata yetu akahamishiwa Nduguti. Kamati ikakaa. Mjumbe mmoja niliyewahi kumchapia barua akasema yupo kijana hapahapa amefundisha Ulaya misimu minne, na kombe kachukua. Nikaitwa. Nikaeleza kwa uaminifu kwamba ni kwenye kompyuta. Mwenyekiti akatafakari, akauliza, "Na mmeachana nao vizuri?"

"Bado niko nao, mzee."

"Basi sisi utatufundisha jioni."

Hivyo ndivyo nilivyopata timu yenye watu. Na katikati ya ulinzi wa timu hiyo alikuwa mjomba wangu, mdogo wake mama, aliyenilea tangu nina miaka sita. Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Alianza kuvaa namba tano kabla mimi sijaanza shule. Desturi yetu ilikuwa hivi: wachezaji wanaketi chini pembeni mwa kiwanja, kocha anasoma majina akianza na mkubwa kwa umri, kwa sababu huwezi kumruka mkubwa ukamwita mdogo. Na kabla hajasoma, mwalimu, ambaye naye alikuwa mdogo kwa mjomba, alimgeukia akamwamkia shikamoo. Mjomba akiitikia marahaba, kwetu mechi imeanza, hata kama refa bado yuko njiani anasukuma baiskeli yenye pancha.

Mechi yangu ya kwanza ilikuwa dhidi ya kata ya Mwankoko, na Mwankoko walikuwa na mshambuliaji anayekimbia kama mtu aliyeacha maharage jikoni. Mjomba asingemweza. Mandewa nzima ilijua, na hakuna aliyekuwa tayari kumwambia. Kumwambia ilikuwa kazi yangu. Nikakimbilia kwenye kompyuta.

Mchezo ule ulikuwa na sehemu ya kuingiza timu yako mwenyewe. Nikaiingiza Mandewa yote, mtu mmoja mmoja: mbio, nguvu, pasi, akili, kila kitu kwa kipimo cha moja hadi ishirini. Nilidhani nafanya siri. Kumbe mama mwenye ofisi alisoma, na mama yule hakupunguzwa kazi kwa sababu ya ukimya. Kesho yake foleni ilifika barabarani. Kilichoandikwa kwenye kompyuta watu walikichukua kama cheti cha kuzaliwa: kikishaandikwa, ndivyo ulivyo. Golikipa alitaka kukata rufaa. Mama wa winga wa kushoto alileta kuku, akamweka juu ya meza, akasema hakuja kwa lolote, ila mwanawe kapewa kumi kwenye pasi na yeye ndiye aliyemzaa. Nikampandisha hadi kumi na mbili. Kuku nilimla, sitaki kudanganya.

Mjomba alikuja wa mwisho, amevaa koti lake la harusi za watu. Nilikuwa nimemwandikia mbio kumi na nane. Akavuta kiti, akasoma kwa kidole mstari hadi mstari, kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, mjomba."

"Acha utani. Kumi na nane? Juzi ndama kanitoroka, nikamwacha aende. Andika ukweli."

Nikafuta, nikaandika kumi. Akatikisa kichwa. Nikaandika saba. Akaendelea kunitazama kwa macho yaleyale aliyonitazama nayo nikirudi shule nimeficha ripoti. Nikaandika nne.

"Hapo sawa," akasema. "Sasa huko Ulaya kwako, beki mwenye mbio nne anafanywaje?"

"Anawekwa benchi, mjomba."

Akakunja kola ya koti, akaikunjua. "Niweke. Ila nakuomba kitu kimoja tu. Jumapili usinianze kwenye majina, lakini nianze kwenye salamu, kama mwalimu. Watu waone sikutupwa."

Nikamwahidi. Nilitaka kulia, na papo hapo nilifurahi kwamba yameisha kirahisi. Ile furaha inanikera mpaka leo.

Jumapili Mwankoko walikuja wamejaa kwenye trela la trekta, wanaimba. Mimi nilikuja na orodha iliyochapwa, herufi kubwa, namba pembeni, jambo ambalo hakuna kocha wa kata aliyewahi kulifanya. Wachezaji wakaketi. Upepo ukataka kuninyang'anya karatasi, nikaishika kwa mikono miwili, nikasoma. Namba moja. Namba mbili. Nilisoma vizuri sana. Nilipomaliza kumi na moja nikakunja karatasi, nikasubiri wanyanyuke wakacheze, kama wale wa mle ndani wanavyokwenda. Hakuna aliyenyanyuka.

Nikahesabu kichwani: kumi na moja, wametimia. Golikipa alikuwa anaangalia chini, kati ya miguu yake. Ndipo mjomba, aliyekuwa ameketi pembeni karibu na ndoo ya maji, akasimama. Akajipangusa vumbi, akaniangalia usoni, na mbele ya watu wote, Mwankoko nao wakisikia, akasema:

"Shikamoo, kocha."

Na mdomo wangu ukaitikia, "Marahaba."

Jamani. Lilitoka lenyewe, kama linavyotoka kila siku kwa watoto njiani. Mtu aliyeniosha kamasi kwa mkono wake. Winga wa kushoto alianza kucheka, akaacha. Mjomba akaketi, timu ikanyanyuka, tukashinda mbili kwa moja, na yule mshambuliaji wao hakugusa mpira wa maana. Uamuzi wangu ulikuwa sahihi kabisa. Hakuna aliyenipa mkono.

Nilikwenda kwake moja kwa moja, jua bado lipo. Alikuwa anaingiza ng'ombe zizini.

"Shikamoo, mjomba."

Akahesabu ng'ombe.

"Shikamoo, mjomba."

Akaweka miti ya mlango wa zizi, mmoja baada ya mwingine. Kisha akamwita mke wake atoke ndani, akamwita na jirani aliyekuwa akipita na jembe begani. Wakaja wakasimama.

"Sema sasa," akaniambia. "Kwa sauti ile uliyosomea majina."

Nikasema, kwa sauti ileile. Aliniacha nimesimama hapo, mikono sijui niiweke wapi, jirani anatazama jembe lake.

"Marahaba," akasema mjomba. "Haya, ingia ule."

Ulikuwa ugali na mlenda. Alinisogezea kigoda nilichokuwa nakikalia nikiwa mdogo, magoti yakanifika kidevuni, nikala.