Pimamaji na Dari la Mwisho

Jina la Pimamaji alijitafutia mwenyewe. Injinia mzima, mtu aliyejenga madaraja yanayopitisha malori, anaingia kwa jirani kusalimia tu. Kabla hajakalia kiti, shingo imeshainama. "Jirani, kabati lako limelalia mlango." Hapo anachomoa mfukoni pimamaji, kile kidude cha mafundi chenye kiputo cha hewa kinachoelea kwenye maji, anakiweka juu ya kabati, na jirani wa watu, aliyekuwa akiishi na kabati lake kwa amani, hana raha tena mpaka alitilie kibao chini. Mkewe alishazoea. Akitua sufuria mezani alimwambia, "Haya, pima na mchuzi, usije ukahamia upande mmoja."

Siku ya kumzika, hakuna aliyeutamka utani huo. Binti yake mkubwa alikuwa barazani, simu sikioni. Jeneza lilikuwa sebuleni, tayari. Uani, baba yake mdogo, mwalimu mstaafu aliyeishi kwa kengele, alishapanga magari na watu, na sasa alikuwa akitazama saa tu.

Aliyepiga simu alikuwa nyapara wa mafundi, mtu aliyefanya kazi na marehemu tangu wote wawili wana nywele nyeusi.

"Dada mkubwa, tumekwama," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kulia. "Tulipanga tumalize asubuhi tuwahi, pampu ya zege ikagoma. Ndiyo imepona sasa hivi. Dari tumefika katikati. Lakini wewe sema neno moja tu, tunaliacha hivi hivi tunakuja. Mzee hatuwezi kumkosa."

Dari lenyewe lilikuwa la wodi mpya ya wazazi, kazi ya mwisho ya Pimamaji, aliyoisimamia hadi miguu ilipomkataa. Na hawa mafundi hawakuwa wa kuja kusimama nyuma na kofia mkononi. Kitandani, alipoona hali si hali, aliwaita akawaambia mbele ya binti yake: "Siku yangu ikifika, nishusheni nyinyi. Mmeshusha mihimili ya madaraja bila kuigonga popote, mtanishindwa mimi niliyebaki na uzito wa kuku?" Wakacheka huku wanafuta macho. Binti akamwahidi kwamba itakuwa hivyo.

"Hapana," baba mdogo alisema alipoelezwa. "Watu wametoka mbali, na vijana wenye nguvu wamejaa hapa. Watamshusha wao. Ama hao mafundi waache kazi yao waje sasa hivi. Marehemu hasubirishwi, mwanangu. Ni aibu."

Binti alimtazama mama yake, aliyekuwa amekaa karibu na jeneza. Mama akasema taratibu, "Wewe ndiye mkubwa. Aliahidiwa na wewe."

Hasira zikampanda binti, na wala hakuwa na hasira na baba mdogo. Zege! Tangu utotoni alikuwa akigombania baba na zege. Mafundi wana msemo wao, zege halilali: likishachanganywa limwagwe, likianzwa limalizwe, hakuna cha kesho. Mara ngapi alikula chakula cha jioni akitazama kiti kitupu? Alitaka kukumbuka vingi ili akasirike vizuri. Akavitafuta, havikuja.

Kilichokuja ni kitana. Mama yake alikuwa nesi, na akiwa na zamu ya alfajiri, aliyesuka watoto wa kike kwenda shule alikuwa injinia. Alikaa kwenye kigoda, mtoto katikati ya magoti, akagawa nywele kwa kitana na rula. Ndiyo, rula! Shuleni wenzake walimcheka kwanza, halafu mwalimu wa kike akamwita pembeni amuulize anasukwa saluni gani, maana njia zile zilinyooka kuliko barabara ya mbele ya shule. "Ananisuka baba," alijibu, kidevu juu, na tangu siku hiyo hakuna aliyemcheka tena.

Kilichokuja ni shuka. Jioni baba akirudi, matope mpaka magotini, kabla ya maji, kabla ya chakula, alipita kitanda kwa kitanda akiwavutia watoto shuka mpaka kidevuni. "Zege bichi lazima lifunikwe," alisema. "Lisipofunikwa linapasuka." Na ndivyo ilivyo kazini kwao: zege likishamwagwa hufunikwa magunia yaliyoloweshwa maji. Watoto walijifanya wamelala ili wafunikwe.

Kisha ikaja siku ya harusi yake. Amevaa gauni, amepakwa rangi mpaka kwenye kope, bwana harusi anasubiri, mashangazi wanasonya, na baba hayupo. Yuko darajani, mashine imeharibika, zege limechelewa. Akaapa hatamsemesha. Mara baba huyo, suti juu, mabuti ya mpira chini, saruji sikioni. Mashangazi wakapiga kelele utadhani ameingia mwizi. Yeye akamshika bintiye mkono, akamwambia polepole, "Mama, nisamehe. Wewe nilijua utanisubiri. Zege lisingenisubiri." Binti akalia mpaka rangi ya kope ikamwagika, naye akaolewa hivyo hivyo. Hadi leo, akipita juu ya daraja lile, huwaambia wanawe washushe vioo walitazame vizuri. Babu yenu huyo.

Simu ilikuwa bado mkononi, na nyapara bado anapumua upande wa pili.

"Msiliache," binti alisema.

"Dada..."

"Nasema msiliache! Mkilikatiza, zege la leo na la kesho hayatashikana, na hapo katikati ndipo mvua itakapopenya. Mnataka wazazi na watoto wachanga wavujiwe kwa sababu ya mazishi yake? Atafufuka awatimue. Malizeni, ndipo mje."

Akakata simu, akamgeukia baba mdogo. "Baba mdogo, nisamehe, nitaongea na wageni mwenyewe. Baba atatusubiri. Zege halitusubiri."

Baba mdogo akatazama saa yake tena. Ndipo sebuleni kikasikika kicheko. Mama alikuwa akicheka, machozi yanamtiririka, kiganja juu ya jeneza. "Umesikia, Pimamaji?" alisema. "Umesikia mtoto wako?"

Basi wakasubiri. Wapo walionung'unika, wapo walioondoka, na shangazi mmoja alisema hajawahi kuona. Baba mdogo alivua saa, akaitia mfukoni, akaenda mwenyewe kuwagawia watu viti.

Jua lilishaanza kulegea, na jeneza limeshapelekwa makaburini, mafundi walipofika, juu ya lori, na mabuti yao, saruji mpaka kwenye nyusi. Hawakuthubutu kusogea. Walisimama pembeni kama watoto waliochelewa shule. Watu wakageuka waone binti atawaambia nini.

Alimwendea nyapara, akasimama mbele yake.

"Mmelifunika?"

Nyapara aliinua uso. Swali hilo alilisikia kwa marehemu kila jioni ya kazi, miaka nenda rudi, na hakutegemea kulisikia tena.

"Tumelifunika, dada mkubwa. Magunia yamelowa chapachapa. Halina hata ufa."

Wakashika kamba. Hakuna aliyepaza sauti; nyapara aliongoza kwa vidole tu, kama walivyofanya siku zote, na jeneza likashuka polepole, halikugusa huku wala kule, mpaka likatua.

"Limekaa sawa?" mama aliuliza.

Nyapara aliinama juu ya shimo, akatazama kichwani, akatazama miguuni, hakufanya haraka. "Sawa kabisa, mama."

Binti akachukua sepetu, akampa.

"Haya," alisema. "Sasa njooni tumfunike na yeye."