Kamera Iliyouzwa kama Kinanda

Nilikwenda Kirumba kutafuta sufuria. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, biashara imefunguliwa, na kila mwenye kipande cha turubai alikuwa na duka. Jumamosi nikishanunua samaki katika soko la Mwaloni nilipenda kupita kwenye vibanda vya vitu vilivyotumika, karibu na uwanja wa mpira. Huko ndiko vilikoishia vyombo vya watu waliohama mji: makochi, pasi za mkaa, sahani za maua, kiatu kimoja kizuri ambacho mwenzake hakuonekana tena.

Muuzaji niliyemzoea alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi, wa umri wa shangazi yangu. Siku hiyo alikuwa amekalia sanduku jeusi. Nilipomwamkia na kumuuliza sufuria, aliinuka kuzitafuta, nikaona sanduku lina pembe za shaba na mkanda wa ngozi.

"Shangazi, humu ndani kuna nini?"

"Kinanda," akasema bila kugeuka. "Kile cha kuvuta, cha kanisani."

"Kinalia?"

"Kimenyamaza tu. Ngozi imekauka. Ukikipaka mafuta kitalia."

Akafungua kunionyesha. Ndani kulikuwa na kitambaa cha kijani, na juu ya kitambaa kamera ya mbao yenye rangi ya chai ya maziwa, kubwa kuliko redio ya nyumbani kwetu. Muuzaji alishika sehemu ya mbele akaivuta, na ule mkunjo wa ngozi katikati ukafunguka taratibu, mweusi, hauna hata tobo. "Unaona?" akasema. "Kinapumua."

Mimi nilifanya kazi chumba cha eksirei katika hospitali moja mjini. Chuoni tulikuwa na kamera ya namna hiyo kabatini, imeliwa na mchwa, na mwalimu wetu alituambia wakubwa wa picha walianzia hapo. Hii haikuguswa na mchwa wala kutu. Lenzi ilikuwa safi kama jicho la mtoto. Kwenye mfuko wa pembeni mlikuwa na makasha bapa ya kuwekea filamu, yamefungwa kwa kitambaa cha pamba, na chini kabisa miguu mitatu ya mbao iliyokunjwa. Niliulizia sanduku lilikotoka, nikaambiwa lilinunuliwa kwenye mnada wa nyumba ya meneja wa kiwanda cha pamba, pamoja na jokofu na mbwa.

"Shangazi, hii si kinanda. Ni kamera."

Alinitazama, akaitazama, akacheka mpaka akashika nguzo. "Ndiyo maana! Mwalimu wa kwaya alikuja juzi akaipuliza weee, akaondoka amekasirika!"

Ningeweza kunyamaza nikainunua kama kinanda, lakini aliniuzia kwa furaha vilevile, maana alikuwa amechoka kuikalia. Sufuria nikaisahau.

Nyumbani kwetu kulikuwa Mkolani, vyumba viwili na uani penye jiwe kubwa tuliloanikia nguo. Mume wangu, mwalimu wa jiografia, alitoka mlangoni akaona jirani ananisaidia kushusha sanduku.

"Hiyo ndiyo sufuria?"

"Subiri," nikamwambia.

Tukaisimamisha uani. Nikajifunika khanga kichwani, nikachungulia kile kioo cha nyuma chenye ukungu, na ulimwengu wote ukawa humo ndani, wenye rangi zake, umesimama kichwa chini. Jiwe letu lilining'inia juu. Mbuzi wa jirani alitembea angani bila wasiwasi. Mume wangu alipoinama kuchungulia, sauti ikatoka ndani ya ile khanga: "Kumbe mlima wa kule nyuma ni mzuri hivi?" Tulikuwa tumeutazama kila siku.

Shida ikawa filamu. Mjini palikuwa na duka jipya la picha za rangi, lenye mashine iliyotoa picha kabla hujamaliza soda yako. Kijana wa kaunta, shati limenyooka, alinisikiliza nikimweleza ukubwa wa filamu ninayoitaka.

"Dada, hiyo siyo filamu, hilo ni daftari," akasema. "Siku hizi filamu huja kwenye vichupa tu." Lakini stoo alikuwa na pakiti za karatasi za picha nyeusi na nyeupe ambazo hakuna aliyeziuliza tena, na alifurahi kuniuzia ili rafu ipate nafasi.

Aliyenitoa kwenye shida ni mkuu wetu wa eksirei, mzee mpole aliyekuwa karibu kustaafu. Nilipomsimulia habari ya kamera, alifungua kabati na kunionyesha maboksi ya filamu za eksirei zilizopitwa na muda, zilizosubiri kuchomwa moto.

"Filamu ni filamu," akasema. "Mwanga inaujua. Kata, jaribu, kisha uniletee nione."

Nikakata kwa mkasi wa karatasi chini ya taa nyekundu ya chumba chetu cha giza, nikazipanga kwenye makasha. Picha ya kwanza nilimpiga mume wangu, ikatoka nyeupe tupu. Ya pili nilisahau kuvuta kifuniko cha kasha. Ya tatu alipiga chafya, akatoka mwenye vichwa viwili, na mpaka leo anasema ndiyo picha inayofanana naye. Ya nne, nilipoifunika juu ya karatasi kwa kioo na kuiwashia taa, kisha nikaitumbukiza kwenye dawa, nililiona lile jiwe la uani likijichora polepole, ufa kwa ufa, na shati lililoanikwa juu yake hadi vifungo. Nilipiga kelele, mkuu wangu akadhani nimeunguzwa na dawa.

Wakati huo ndipo mama mkwe wangu alipokuja kwa meli kutoka Bukoba kutibiwa goti. Mimi ni Msukuma, yeye Mhaya wa nyumba ya heshima, na tulikuwa tumeonana siku ya harusi tu na kwenye msiba mmoja. Hakuwa mkali. Alikuwa na adabu nzito, ile inayokufanya ukague khanga yako kila dakika. Asubuhi nilimwamkia nikiwa nimepiga goti, akaitikia "Marahaba," na baada ya hapo tulikosa la kuzungumza. Alizungumza Kihaya na mwanawe, nami nikachambua mchele ambao ulishachambuliwa.

Nilimpeleka hospitali, nikampiga eksirei mwenyewe. Nilimlaza, nikamwomba asitikisike, hakutikisika. Alipoonyeshwa picha ya goti lake kwenye ubao wa mwanga aliisogelea na kuikagua kama mtu anayechagua kitambaa.

Jioni ile, mezani, akaniambia kwa Kiswahili, taratibu: "Umenipiga picha ya mfupa. Nasikia una kamera nyingine, ya sura."

"Ninayo, mama."

"Basi Jumapili baada ya misa. Mifupa nitaiacha duniani, wala hakuna atakayenitambua kwayo. Nataka watoto wabaki na sura."

Jumapili akatoka chumbani amevaa gauni lake jekundu la sikukuu, jekundu la kung'aa, na kilemba chake chekundu. Alikuwa mzuri mno. Tulimwekea kiti mbele ya jiwe, mguu mbaya tukauegemeza kwenye kigoda kilichofichwa na gauni. Niliondoa kofia ya lenzi, nikahesabu moyoni, nikairudisha. Hakupepesa jicho.

Jumatatu nikasafisha picha. Ilitoka kali, kila mkunjo wa mkono unaonekana. Lakini gauni lilikuwa jeusi. Kilemba cheusi. Midomo nayo nyeusi. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa mbele ya jiwe kama mjane aliyetoka makaburini.

Mkuu wangu akaitazama akajikuna kichwa. "Ah. Filamu hizi hazioni rangi nyekundu kabisa. Ndiyo maana tunawasha taa nyekundu humu ndani. Nilipaswa kukwambia."

Nilifikiria kuificha, lakini mama mkwe alikuwa ananisubiri mlangoni na miwani tayari. Akaipokea kwa mikono miwili. Mume wangu akachungulia begani kwake, akapata kazi ya haraka uani.

"Nani amekufa?" akauliza mama mkwe.

"Hakuna, mama. Ni filamu. Haioni rangi nyekundu."

"Haioni nyekundu." Alirudia maneno yale pole pole. Akatazama gauni lake lililoning'inia msumarini, akaitazama picha, na mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti mpaka miwani ikaanguka, na mimi nilipookota miwani nikashindwa kujizuia, tukawa wawili.

"Nilinunua gauni lile Kampala ili nionekane," akasema akijifuta macho. "Sasa inaona rangi gani, hiyo kamera yako?"

"Buluu inaipenda, mama. Inaifanya nyeupe."

"Basi nipe khanga yako ya buluu."

Safari hii hakukubali kukaa kabla hajachungulia. Akaniketisha mimi kwenye kiti, akajifunika khanga, na nikasikia: "Yesu! Unaning'inia kama popo!" Akaendelea kuchungulia. Nilikaa pale nikitazamwa, sijui nifanye nini na mikono. Alipotoka alinitengeneza ukosi wa blauzi, kidogo tu, kama mtu anayenyoosha kitambaa cha meza.

"Usiinuke," akasema. "Mwanangu aje aishike hiyo mashine. Tutapigwa wote wawili."

Mume wangu akaitwa, akaonyeshwa kofia ya lenzi kama mtu anayekabidhiwa bomu. Sisi tukakaa bega kwa bega. Wakati anavutavuta kasha, mama mkwe aliniambia, akitazama mbele, kwamba mama yake mzazi hakupigwa picha hata moja, na kwamba sura yake inamtoka kila mwaka kidogo. Sasa anachokumbuka ni mikono ya mama yake tu, ikimenya ndizi, na sauti ya bangili. Nilitaka kusema kitu.

"Msiongee!" mume wangu akapiga kelele, akaondoa kofia.

Ilitoka vizuri. Khanga ilikuwa nyeupe kama ya harusi, jiwe nyuma yetu kila chembe mahali pake, na nyuso mbili zinazojizuia kusema jambo. Mama mkwe aliiegemeza kwenye glasi mezani, tukala nayo.

Wiki zilizobaki za matibabu mama mkwe ndiye aliyekuwa meneja wa studio. Majirani walikuja Jumapili, naye akiwa kwenye kiti chake aliwarudisha nyumbani: "Nyekundu hapana. Nenda kabadilishe." Mzee mmoja aliyevaa tai nyekundu alibishana naye, akaivua. Tulipiga familia, baiskeli mpya, bibi harusi, mpaka maboksi ya mkuu wangu yakaisha. Baada ya hapo nilikaa miaka mingi bila filamu, nikiifuta kamera vumbi kila mwezi na kuivuta kidogo ipumue.

Goti lilipopata nafuu tulimsindikiza bandarini. Ile picha ya wawili aliibeba mkononi, imefungwa kwenye karatasi ngumu, hakutaka iingie kwenye sanduku. Kwenye foleni aliifungua kumwonyesha mama mmoja asiyemjua, aliyekuwa na kuku kwapani. Yule mama akaitazama, akanitazama mimi.

"Huyu ni binti yako?"

"Ndiye," akajibu mama mkwe wangu, akiikunja karatasi. "Ndizi hajui kuzipika, lakini ndiye."