Mlango wa Futi Nne

Jana asubuhi redio ilisema mheshimiwa wetu amegawa madawati themanini katika shule nne. Nilikuwa nakunywa chai. Mke wangu akanitazama, mimi nikaitazama chai. Madawati ni ishirini. Nayajua kwa sababu niliyatengeneza mimi, kwa mikono hii, na chini ya kila kikalio kuna alama tatu za patasi, alama niliyorithi kwa marehemu baba yangu pamoja na randa yake na hasira zake.

Mtaani wananiita Mzee Gundi. Si jina la heshima sana, ila nimelizoea. Nimelipata kwa sababu mteja akija kibandani kwangu kuniambia nimfungie kitu kwa skrubu tu, haraka haraka, hatoki bila mhadhara. Mbao hushikana kwa ulimi, tundu na gundi. Skrubu ni uchumba, gundi ndiyo ndoa. Wengine hucheka, wengine huenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, na viti vyao vikianza kucheza wanarudi kwangu wameinamisha vichwa.

Miaka arobaini niko kwenye kibanda hiki. Nilikuwa na msumeno wa umeme, lakini umeme unakatika saa nne asubuhi unarudi saa kumi jioni, kwa hiyo nimerudi kwenye msumeno wa mkono katika umri ambao ningekuwa nimekaa nikilalamikia magoti. Nimejenga majukwaa ya kampeni ya kila chama. Wakishashuka wanayaacha hapo hapo, na majirani wanabeba mbao wanajengea mabanda ya kuku. Ukiniuliza siasa imewaletea nini watu wa mtaa wangu, nitakwambia: mabanda ya kuku, na hayo nayo wamejijengea wenyewe.

Basi, mwanzo wa mwaka katibu wa mheshimiwa alikuja na oda. Ni kijana wa shati lililonyooka, mpole, anaongea taratibu kama daktari. Alitaka madawati ishirini, ya watoto watatu watatu, kikalio na meza pamoja. Nikafurahi. Kisha akasema yafungwe kwa skrubu tupu, bila gundi.

"Bwana katibu," nikamwambia, "dawati la skrubu tupu watoto watalilegeza ndani ya mwaka mmoja tu."

"Tunataka yabebeke kwa urahisi, mzee wangu. Barabara zetu unazijua."

Barabara zetu nazijua. Nikakubali. Ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe ni kwamba mtu mbishi kama mimi, anayewagombeza wateja kwa ajili ya stuli ya jikoni, siku hiyo sikuuliza neno la pili. Mkono mtupu haulambwi, nilijisemea, na kazi kubwa kama ile sikuwa nimeipata miaka mitatu.

Nilikwenda kuyafunga kwenye shule ya kwanza, darasani. Kesho yake mheshimiwa akaja na watu wa kamera, akakalia dawati, magoti yakamfika kidevuni, watoto wakaimba. Akanitaja kwa watu, akaniita hazina ya taifa. Kilemba cha ukoka kile nilikivaa, nikatembea nacho mpaka nyumbani.

Mwezi mmoja baadaye katibu akanipigia niende shule ya pili. Nikafikiri ni madawati mengine, pengine kampa fundi mwingine ayachonge. Nilipoinua kikalio cha kwanza nikakuta alama tatu. Nikainua cha pili, alama tatu. Kuna ubao mmoja ulikuwa na jicho kubwa jeusi pembeni, ulinisumbua sana kuupiga randa. Nao ulikuwepo.

"Haya si ya kule?" nikamuuliza.

"Hii ni awamu ya pili, mzee wangu. Wale wa kwanza watapata mapya."

Shemeji yangu anaziba mapaa, na wiki ile ile alikuwa juu ya paa la shule ya kwanza. Akaniambia watoto wako chini sakafuni. Walikuja vijana na bisibisi jioni baada ya sherehe, wakafungua kila kitu, lori likaondoka. Nilimwambia shemeji apunguze maneno. Na katibu aliponiita shule ya tatu, nikaenda. Nasema nilikwenda, sijifichi. Nikafunga madawati ishirini, nikafuta vumbi, nikatia mdomo kufuli.

Binti yangu, mwanangu wa pekee, ni mwalimu. Anafundisha darasa la tatu, watoto sabini na mmoja, ndani ya chumba kilichokuwa stoo ya shule kabla watoto hawajazidi. Hata dawati moja hakuna. Wanaandika wamelala kifudifudi, na yeye anawaruka kama anavuka mtaro. Jumapili moja alikuja nyumbani, akakaa mezani na mama yake, akaniuliza bila kuzunguka.

"Baba, wanasema zamu ya shule yetu imefika. Hayo madawati ni ya kukaa, au ni ya picha? Maana kuna maneno."

Mke wangu alikuwa anajua yote. Akanikanyaga mguu chini ya meza.

"Ni ya kukaa," nikasema.

"Kweli, baba? Nikiwaambia watoto, siwezi tena kuwageuzia maneno."

"Waambie."

Akawaambia. Akawaambia na wazazi. Watoto wakaleta matambara na maji kutoka majumbani, wakasugua sakafu ile ya stoo siku mbili mpaka ikageuka rangi. Kwa nini nilimdanganya? Kwa sababu ukweli ungenitaka nimwambie pia kwamba nilikuwa nayafunga mimi, mara tatu, mbili za mwisho nikijua. Niliona aibu mbele ya mtoto niliyemfundisha kusema kweli kwa fimbo. Sasa likabaki jambo moja tu: madawati yale yabaki pale, ili neno langu lisiwe uongo.

Nilifika shuleni kwake siku mbili kabla ya sherehe. Nikaupima mlango wa darasa lile: futi mbili na nusu, mwembamba kwa sababu stoo haihitaji mlango wa maana. Madirisha yana nondo. Dawati likishafungwa lina futi tatu na zaidi, uligeuze utakavyoligeuza. Vipande vinaingia, dawati zima halitoki. Nikatoa makopo ya gundi kwenye mfuko wa vifaa, nikajikuta natabasamu peke yangu kama mwendawazimu.

Nilipaka gundi kila ulimi na kila tundu. Nikatoboa, nikapigilia vijiti vya mbao ngumu. Skrubu nikazikaza mpaka mwisho, kisha nikachukua tupa nikasugua vichwa vyake mpaka vikawa laini, bisibisi isipate pa kushika. Halafu nikayaunganisha mawili mawili kwa ubao mmoja chini. Binti yangu akaja kuchungulia, akauliza mbona leo nafanya kazi kama nalipwa mara mbili. Nikamwambia haya ni ya kukaa. Sikuwahi kufanya kazi kwa moyo ule tangu nilipomtengenezea kitanda chake cha kwanza.

Sherehe ikapita. Magoti yakafika kidevuni, watoto wakaimba, hazina ya taifa ikapigiwa makofi. Mheshimiwa akasema elimu ndiyo ufunguo. Lori lilikuwa limeegeshwa nyuma ya vyoo, hata hawakujisumbua kulificha vizuri. Watoto walikaa kwenye madawati yale kwa saa moja na nusu. Kuna kabinti kamoja kalikuwa kanapitisha kiganja juu ya meza, mbele na nyuma, hakaandiki chochote.

Shule ilipofungwa vijana wa bisibisi wakaingia. Nilikuwa nimesimama ukutani na binti yangu. Aliwatazama, akanitazama, na nikaona anaanza kuelewa. Vijana wakahangaika robo saa, wakatoka wakamwita katibu. Akainama, akapitisha kidole kwenye kichwa cha skrubu, akainuka.

"Mzee wangu, umefanya nini hapa?"

"Nimefanya kazi yangu. Mkitaka kuyatoa, yakateni. Mkiyakata hayatafaa tena kupigia picha."

Nilikuwa nimeipanga sentensi ile siku mbili. Nilidhani itamkasirisha. Hakukasirika. Alitabasamu kwa upole wake ule, akautazama mlango, akautazama ukuta, akapiga simu. Baada ya nusu saa wakaja watu wanne na nyundo kubwa. Waling'oa fremu, wakabomoa ukuta futi moja na nusu upande wa kulia, wakayatoa madawati yangu mazima mazima. Hakuna lililochubuka. Niseme nini, ni madawati imara.

Nimewafikiria sana watu hawa tangu siku ile. Sisi tunadhani wanatawala kwa sababu wana akili kutuzidi. Hapana. Mimi nilifikiri mpaka nikafika mlangoni, nikaishia hapo, kwa sababu mimi ni mjenzi na haikunijia kwamba mtu anaweza kubomoa ukuta wa shule ili atoe dawati. Wao haikuwachukua hata dakika tano kulifikiria. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kuliko hata redio.

Lori lilipoondoka, binti yangu alikuwa anaokota vipande vya tofali, anavipanga pembeni watoto wasijikwae kesho.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu shule ya pili."

Aliendelea kuokota. Nikaanza kumweleza habari ya gundi, vijiti, tupa, jinsi nilivyotaka kuyagandisha pale yasitoke. Akaniacha nimalize.

"Ungeniambia tu," akasema. "Nisingewasuguisha watoto sakafu."

Nikainama kuokota naye. Wiki hiyo akapewa barua, eti aeleze kwa maandishi kwa nini darasa lake halina mlango, maana yeye ndiye mwalimu wa darasa. Alieleza. Mwalimu mkuu akamrudishia, akamwomba aandike tena kwa ufupi, asitaje lori. Akaandika kwamba mlango uliharibika. Mwanangu huyu, niliyemchapa akiwa na miaka saba kwa kusema paka ndiye aliyemwaga maziwa.

Halafu katibu akanipigia. Sikutaka kupokea, mke wangu akaniwekea simu sikioni. Sauti ile ile ya daktari. Akasema mheshimiwa ameguswa na hali ya darasa lile na anataka kuwasaidia mlango. Ukuta ule hakuna haja ya kuujenga upya, akasema, nitengeneze mlango wa kutosha pengo lililopo.

"Futi ngapi?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Futi nne, mzee wangu. Huko mbele mlango mpana utatusaidia."

Nilikaa na randa ya baba yangu mapajani kutwa nzima. Mke wangu akasema, "Kataa." Kisha akasema, "Lakini upepo unawapiga watoto." Nikautengeneza. Ulimi, tundu na gundi, na alama tatu chini, mahali ambapo hakuna atakayeinama kuzitazama.

Leo nimekwenda kuufunga. Ni mzito, hauwezi kushikwa na mtu mmoja, kwa hiyo binti yangu alitoka darasani akanishikia upande wa pili wakati natia bawaba. Watoto sabini na mmoja walikuwa wamekaa sakafuni, wanatutazama. Sakafu bado ni safi. Nilipomaliza, aliufungua akaufunga mara mbili, akarudi nyuma hatua moja kuutazama kama umenyooka.

"Uko sawa, fundi," akasema, akarudi ubaoni.

Tangu aanze kuongea, hajawahi kuniita fundi.